Kupunguza Mwili kwa Mpango Unaovuka Msiba na Mnada

Watu wengi wanaotaka kupunguza mwili huanza kwa kishindo. Wanaacha ugali kabisa, wanakunywa maji ya limao kila asubuhi, wanakimbia barabarani siku mbili tatu hadi magoti yanauma. Wiki ya pili unatokea msiba kwa shemeji. Watu wanalala matangani, ugali na nyama vinapikwa kwenye masufuria makubwa, na mpango wote unaishia pale. Mhusika anarudi nyumbani akijilaumu kwamba hana nia. Nia anayo. Alichokosa ni mpango uliotengenezwa kwa ajili ya maisha anayoishi.

Maisha ya kwetu, upande huu wa Ziwa Victoria, kuanzia Suguti, Kusenyi na Wanyere hadi Majita, Bunda, Butiama na Musoma mjini, yana misiba, harusi, siku za mnada, misimu ya kulima, wiki za giza ambapo wavuvi hukesha ziwani, na wageni wanaofika bila taarifa. Mtu anayesubiri mambo haya yaishe ndipo aanze kujitunza atasubiri hadi uzeeni. Kwa hiyo kila ushauri nitakaoutoa hapa naomba uupime kwa swali moja: je, jambo hili nitaweza kulifanya hata siku ya msiba? Kama jibu ni hapana, liache, utafute dogo zaidi linalowezekana. Hilo dogo ndilo litakalokupunguza, na ndilo litakalokuzuia usirudi ulikotoka.

Kwanza ujue kama unahitaji kupungua

Si kila mtu anahitaji kupungua. Katika nyumba zetu mama anaweza kuwa na uzito uliopitiliza huku mtoto wake wa miaka miwili akiwa na utapiamlo, wote wakila chungu kimoja. Usipunguze chakula cha nyumba nzima kwa sababu ya mwili wako.

Vipimo viwili vinatosha. Cha kwanza ni kiuno. Chukua futi ya fundi cherehani, uizungushe tumboni katikati ya mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga, upime baada ya kutoa pumzi bila kubana tumbo. Kwa mwanamke, kuanzia sentimita 80 hatari inaanza kupanda, na ikizidi 88 ni kubwa. Kwa mwanaume, hatari inaanza sentimita 94 na inakuwa kubwa ikizidi 102. Mafuta ya tumboni ndiyo yenye madhara zaidi kwa moyo na sukari, kuliko yale ya mapajani na makalioni.

Kipimo cha pili ni uwiano wa uzito na urefu. Gawanya kilo zako kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mama mwenye urefu wa mita 1.60 na kilo 72 anapata 28. Kuanzia 18.5 hadi chini ya 25 ni uzito mzuri, kuanzia 25 umezidi, na kuanzia 30 ni unene unaohitaji kushughulikiwa bila kuahirisha. Kama huna mzani, zahanati ya kijiji inao, na ukifika pale omba pia wakupime presha. Presha haiumi wala haina dalili za kuaminika, na wengi huijua siku wanapopooza upande mmoja.

Tusidhani kwamba jambo hili ni la Dar es Salaam pekee. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 uliopima watu wazima wa miaka 25 hadi 64 ulikuta kwamba yapata mmoja kati ya wanne ana uzito uliozidi, wanawake wakiwa wengi zaidi, na yapata mmoja kati ya wanne ana shinikizo la juu la damu. Utafiti wa afya ya uzazi wa mwaka 2015/16 ulikuta asilimia 28 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wamezidi uzito.

Wapo wasiopaswa kujipunguza kabisa bila mwongozo wa mhudumu wa afya: mjamzito, anayenyonyesha mtoto mchanga, mtoto anayekua, mzee aliyedhoofika, na anayetumia dawa za sukari, kwa sababu akipunguza chakula bila dawa kurekebishwa sukari inaweza kushuka hadi akazimia. Na kama unapungua bila kukusudia, usishangilie. Nenda ukapimwe kifua kikuu, sukari na VVU.

Lengo la kuanzia liwe dogo. Mtu mwenye kilo 80 akipungua kilo 4 tu, yaani asilimia 5, presha na sukari yake huanza kunufaika. Nchini Marekani, matokeo ya utafiti mkubwa yaliyochapishwa mwaka 2002 yalionyesha kwamba watu waliokuwa karibu kuugua kisukari, walipolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki, walipunguza uwezekano wa kuugua kwa asilimia 58. Hawakuambiwa wawe wembamba. Waliambiwa wapungue kidogo na wadumu.

Miili yetu imebadilika kwa sababu siku zetu zimebadilika

Mwaka 1934 kijana Julius Nyerere alianza shule ya Mwisenge, Musoma, yapata kilomita 40 kutoka kwao Butiama, na njia ya mtoto wa zama zile ilikuwa miguu yake. Oktoba 1967, akiwa Rais, alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza kuunga mkono Azimio la Arusha. Safari ile ilikuwa ya kisiasa, lakini iliwezekana kwa sababu kizazi kile kilikuwa na miguu iliyozoea mwendo tangu utotoni. Babu na bibi zetu hawakuwa na nia kubwa kuliko sisi. Waliamka, na siku yao ikawatembeza.

Leo bodaboda inakuchukua mlangoni na kukushusha dukani, mwendo ambao kwa miguu ungekuwa dakika kumi na tano. Mashine ya kusaga iko jirani. Mafuta ya kula yanauzwa kwa kupimwa kila genge, kwa hiyo hata mwenye pesa kidogo anakaanga kila siku. Soda imefika hadi kwenye kibanda cha mwisho cha mwalo. Chapati na wali, vilivyokuwa vya Krismasi na Idi, sasa ni vya Jumanne. Mambo haya yana uzuri wake, na hakuna atakayerudi kubeba gunia kichwani ili apungue. Ila kama siku yetu ndiyo iliyotunenepesha taratibu, basi dawa ni kuirekebisha siku hiyo, sehemu chache zilizo mikononi mwetu.

Anzia kwenye chupa ya mafuta

Ukiniuliza jambo moja la kuanza nalo, nitakujibu mafuta. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, wakati gramu moja ya wanga au ya sukari ina 4. Tufanye hesabu ya nyumba ya watu sita inayomaliza lita moja kwa wiki. Lita hiyo ina kalori zipatazo 8,200. Gawanya kwa watu sita, kisha kwa siku saba: kila mtu anakula karibu kalori 200 za mafuta ya kupikia kila siku, bila kuyaona kwenye sahani. Mkitumia nusu lita, kila mmoja anapunguza kalori 100 kwa siku na hakuna anayelala njaa. Pesa nayo inabaki.

Namna ya kufanya ni rahisi. Acha kumimina kutoka kwenye chupa. Pima kwa kijiko cha chakula. Kwa mboga ya watu sita, vijiko vitatu vinatosha kukaangia kitunguu, kisha nyanya na maji kidogo vimalizie kazi. Samaki, awe sato au sangara, mpike mchuzi au mchome siku nyingi, wa kukaanga abaki siku moja. Dagaa wetu ni chakula bora sana: analiwa mzima na mifupa yake, kwa hiyo anatoa protini na madini ya chokaa kwa bei ambayo nyama haiwezi kushindana nayo. Lakini dagaa aliyezamishwa kwenye mafuta ameongezewa mzigo. Mkaange kwa kijiko kimoja, au mrostie kwenye kikaango kikavu kisha umpike na nyanya na kitunguu. Kwa watoto wadogo, toa sehemu yao kwanza na uongeze mafuta au karanga iliyosagwa kwenye chakula chao. Wao bado wanajengwa.

Ugali haujawahi kuwa adui

Nasikia watu wakisema wameacha ugali wa mahindi na kuhamia wa muhogo ili wapungue. Unga mkavu wa muhogo na wa mahindi una nguvu zinazokaribiana sana, na wa muhogo una protini pungufu. Kubadilisha unga huku bonge likibaki lile lile hakutakupunguza. Faida ipo kwenye dona, mtama na ulezi, kwa sababu zinasagwa pamoja na maganda yake, hivyo tumbo linashiba mapema na sukari inapanda polepole kuliko kwa sembe iliyokobolewa. Nyumba yenye mtama stoo ina hazina.

Kinachopaswa kubadilika ni mpangilio wa sahani. Wengi wetu tunakula bonge kubwa na mboga ya kutowelea tu. Geuza: nusu ya sahani iwe mboga za majani, robo iwe samaki, dagaa, maharage au kunde, na robo iwe ugali. Matembele, kisamvu, mgagani, mlenda, mchicha, majani ya kunde: nyingi ya mboga hizi hazinunuliwi, zinachumwa. Tatizo ni kwamba hustawi na mvua na kukauka mvua ikikatika. Kwa hiyo panda vigunia vya mchicha na mnavu nyuma ya jiko, vinyweshwe maji yaliyooshea vyombo yasiyo na sabuni, upate mboga hata Agosti.

Kula sinia moja ni upendo, sikushauri uache. Lakini sinia huficha kiasi, na anayekula kwa haraka hushiba baada ya kuzidisha. Ukiwa mezani na wenzako, anza na mboga na samaki, ndipo uchukue ugali; kata matonge madogo; zungumza. Mwili huchukua yapata dakika 20 kutambua umeshiba. Anayemaliza kwa dakika tano amekula kwa kubahatisha.

Asubuhi ndipo sukari inapojificha. Chai ya vijiko vitatu, vikombe vitatu kwa siku, ni vijiko tisa, na hicho ndicho kiasi kilichomo kwenye soda moja ya mililita 350. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe vijiko sita vya chai vya sukari ya kuongeza kwa siku ikiwezekana. Usiache ghafla, punguza nusu kijiko kila wiki mbili, na ulimi utazoea bila vita. Badala ya maandazi na chapati za kila siku, rudisha viazi vitamu, muhogo wa kuchemsha, michembe, au uji wa ulezi usio na sukari nyingi. Tunda ulile lenyewe, usilikamue. Glasi ya juisi inaweza kuwa na maembe mawili na sukari juu yake, na inapita kooni kwa sekunde chache, wakati embe moja la kutafuna linakuchelewesha na kukushibisha. Kiu ya kazi ya shambani ni ya maji safi yaliyochemshwa au kutibiwa. Soda iwe ya siku ya kusherehekea.

Kwa wanaofanya kazi usiku

Ushauri mwingi wa afya unaandikwa kwa mtu anayeamka alfajiri na kulala saa nne. Mvuvi wa dagaa hawezi kuufuata. Wiki za giza anakaa ziwani na taa usiku kucha, anarudi asubuhi na mzigo, analala wakati jua linachoma bati. Mwezi ukiwaka anapumzika, na wiki ya mapumziko mara nyingi huwa ya bia na nyama choma. Vivyo hivyo mlinzi, muuguzi wa zamu na dereva wa lori.

Kama ni wewe, mlo wako mkubwa uule kabla ya kuingia ziwani, jioni, ukiwa umekaa. Chukua cha kukusogeza usiku: viazi vya kuchemsha, mayai mawili, ndizi, maji ya kutosha. Asubuhi kula kidogo kabla ya kulala, usishindilie. Pata mahali pa giza na kimya, weka chandarua, mwombe mama watoto awazuie watoto kwa saa chache. Usingizi mfupi huongeza njaa, hasa hamu ya vitu vitamu na vya mafuta, na hilo limethibitishwa na tafiti nyingi. Na wiki ya mwezi, kumbuka kwamba mwili hauvuti tena kamba za nyavu usiku kucha. Chakula kilichokufaa ukiwa kazini kinakuzidi ukiwa nyumbani. Bia ya nusu lita ina kalori zipatazo 200; bia nne za jioni moja zinalingana na mlo mzima, bila kuhesabu nyama.

Miguu irudishiwe kazi

Kiwango kinachoshauriwa kwa mtu mzima ni dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo unaokufanya uheme kidogo lakini bado unaweza kuzungumza. Kama unalima kwa jembe la mkono, unachota maji, unabeba kuni na kuanika dagaa, umeshafika huko. Mama wa namna hiyo hahitaji kukimbia jioni. Anahitaji kupumzika, na anahitaji mume na vijana wachukue ndoo.

Wanaohitaji kutembea ni sisi tunaokaa: mwalimu, mwenye duka, mtendaji, fundi cherehani, karani, na bodaboda mwenyewe anayekaa kwenye pikipiki kutwa. Kwa sisi, ushauri ni huu: usitafute muda mpya, tumia safari ulizonazo. Ukienda sokoni, panda bodaboda kwenda tu, urudi kwa miguu kama mzigo ni mwepesi. Ukitoka mjini kwa gari la Musoma, Makojo hadi Busekera, shuka kituo kimoja kabla. Mwalimu aende shuleni kwa miguu na wanafunzi wake. Nusu saa ya mwendo wa haraka, siku tano kwa wiki, imetimiza dakika 150. Mara mbili kwa wiki ongeza mazoezi ya misuli: kuchuchumaa na kusimama mara kumi na tano, kusukuma ukuta kwa mikono, kunyanyua ndoo iliyojaa nusu. Misuli ndiyo inayokulinda usianguke ukizeeka.

Niseme pia ukweli ambao wauzaji wa vifaa vya mazoezi hawausemi. Mwendo wa nusu saa unachoma kalori za soda moja hivi. Hutaweza kutembea hadi kufuta kila unachokula. Kinachokupunguza zaidi ni chungu. Kinachokusaidia usirudi, na kinachotunza moyo, presha na akili, ni miguu. Unahitaji vyote viwili.

Tahadhari moja ya kwetu: kuogelea ni zoezi zuri, lakini maji ya ukingoni mwa Ziwa Victoria yana kichocho, na baadhi ya fukwe zina mamba na viboko. Usifanye ziwa kuwa uwanja wako wa mazoezi. Na anayeishi kwa kuingia majini aende kupata dawa ya kichocho inapogawiwa.

Usifanye peke yako

Mwaka 1973 serikali iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wazima wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi vijijini, wakasikiliza redio pamoja, wakajadili malaria, kichocho na kuhara, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Miaka miwili baadaye ikafuata kampeni ya Chakula ni Uhai. Wengi wa walioshiriki walikuwa hawajui kusoma, hawakuwa na pesa, na bado walibadilisha tabia, kwa sababu jirani naye alikuwa anabadilisha.

Vikundi hivyo bado tunavyo kwa majina mengine: VICOBA, kwaya, jumuiya ndogondogo, vikundi vya wavuvi. Waadventista Wasabato, walio na mizizi mirefu Majita, wamezoea kufundishana habari za afya kanisani. Kikundi kinachokutana kila wiki kuweka hisa kinaweza kuanza kwa kutembea pamoja dakika 30, na mzani mmoja wa kuchangia ukapima wote. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa ajili hiyo. Siku moja kwa mwezi haitoshi kupunguza mwili, lakini siku kama hiyo ni nafasi ya mama wa makamo kutoka barabarani na raba zake bila kuchekwa, kwa sababu kijiji kizima kimetoka.

Maneno ya watu na sahani ya mwenyeji

Hapa ndipo wengi hushindwa. Kwetu, kumwambia mtu “umenenepa” ni kumsifu; maana yake mambo yamemnyookea. Ukipungua kilo tano, utasikia: “Vipi, unaumwa?” Wengine hawataongea mbele yako, watasema una ugonjwa. Baada ya yale tuliyoyaona UKIMWI ulipopita katika vijiji vyetu, hofu hiyo ina sababu, na haifai kuidharau. Ila usiiruhusu ikurudishe nyuma. Andaa jibu moja fupi, ulitoe kwa utulivu kila mara: “Daktari aliniambia presha yangu imepanda, nimepunguza mafuta na sukari, namshukuru Mungu nimepona miguu kuuma.” Jibu la namna hiyo hufunga umbea, na mara nyingi anayeuliza huishia kukuuliza umefanyaje. Mweleze pia mwenzi wako mapema. Mume asiyejua kwa nini mboga imepungua mafuta atadhani amedharauliwa.

Msibani, harusini na kwa wakwe, kukataa chakula ni kumwumiza mwenyeji, na sikushauri kufanya hivyo. Mwombe mama anayepakua, kabla hajajaza: “Mama, nipunguzie, nitaongeza.” Kula taratibu ili sahani yako isiwe tupu mapema, kwa maana sahani tupu hujazwa tena. Sifia mboga na uombe mboga zaidi; hakuna mpishi anayekasirika kwa hilo. Kunywa maji au chai isiyo na sukari nyingi badala ya soda. Matangani zipo kazi nyingi: kuteka maji, kupasua kuni, kuwapeleka wageni kituoni. Zifanye, utakuwa umesaidia wafiwa na umetembea.

Siku ya mnada, kula nyumbani kabla ya kwenda. Mwenye njaa mbele ya jiko la nyama choma hana mpango. Nunua nyama kiasi ulichokusudia, ule na kachumbari na ndizi ya kuchoma, kisha uondoke eneo la moshi. Na kama siku hiyo imekushinda, mlo unaofuata uwe wa kawaida. Usijinyime chakula kesho yake kwa kujiadhibu, kwa sababu njaa ya kesho itazaa ulafi wa keshokutwa.

Uzito ukishuka, kazi bado

Mwili uliopungua hujaribu kurudi ulikokuwa. Njaa huongezeka na nguvu zinazotumika hupungua, hivyo wanaoshuka haraka mara nyingi hupanda haraka. Shuka nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki, isizidi. Nchini Marekani kumekuwepo tangu mwaka 1994 masjala ya watu waliopungua angalau kilo 13 na kukaa hivyo kwa mwaka mmoja au zaidi. Walitumia njia nyingi za kupungua, lakini katika kudumu wanafanana kwa mambo kadhaa: wanatembea sana, wanajipima mara kwa mara, na wanakula kwa mtindo ule ule siku za kazi na siku za mapumziko. Jambo hilo la mwisho ndilo nililoanza nalo. Wana mpango mmoja kwa siku zote.

Kwa hiyo jipime mara moja kwa wiki, siku ile ile, asubuhi kabla ya kula. Huna mzani? Tumia futi ya fundi, au suruali ile ile na tundu lile lile la mkanda. Ukipanda kilo mbili, rudi kwenye kijiko cha mafuta na sukari wiki hiyo hiyo, usisubiri zifike kumi. Kuhusu tabia kuzoeleka, watafiti wa London waliofuatilia watu 96 waliona kwamba wastani ni siku 66, wengine wakikadiriwa kuchukua hadi miezi minane, na kukosa siku moja hakukuharibu kazi. Jipe muda huo kwa moyo mkunjufu.

Na tafadhali, usinunue majani na vidonge vya kupunguza tumbo vinavyouzwa stendi na kwenye simu. Vingi ni vya kuharisha au kukojoza. Kinachotoka ni maji, yanarudi ukinywa, na figo zinabaki na gharama. Dawa halali za unene zipo, lakini hutolewa na daktari baada ya vipimo.

Anza wiki hii kwa mambo matatu: pima kiuno na presha, weka kijiko karibu na chupa ya mafuta, na chagua safari moja ya kila siku utakayoifanya kwa miguu. Baada ya mwezi ongeza la sukari, kisha la sahani. Ukipatwa na msiba katikati, peleka kijiko chako hata kwenye jiko la matanga kama wewe ndiye unayepika. Watoto wetu watakula tunavyokula na kutembea tunavyotembea, na wazazi wao wakiwa hai wenye afya watakuwa na wa kuwalea hadi nao wawe wazazi. Hilo linastahili jasho letu lote.